Boneti Ilikuwa ya Moto

Juzi asubuhi nilikuwa gereji moja hapa Chapwa, nikisubiri lori lililobeba mahindi yangu lizibwe pancha. Pembeni bwana mmoja alikuwa ameegemea gari lake kubwa, ambalo taa yake ya onyo la injini ilikuwa haizimi. Jana yake fundi alimwagiza aliache pale usiku kucha bila kuliwasha, kwa sababu kipampu kinachosukuma hewa kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi, hunguruma injini ikiwa baridi tu, na hapo ndipo hujulikana kama kimekufa. Bwana akamwambia mkewe atalala humohumo garini, alilinde na wezi.

Mkewe akaja na chupa ya chai. Macho yake hayakuwa ya chai.

Fundi akafungua boneti, akagusa injini, akarudisha mkono haraka. "Bosi, mbona ya moto? Sasa nitapima nini?"

Boneti ilipofungwa, mama akaweka chupa chini, akalaza kiganja juu ya boneti kama anayepima mtoto homa.

"Baba watoto, ulilala humu?"

"Nililala humu, mke wangu."

"Na gari lililala wapi?"

"Baridi ilinizidi, nikawasha kidogo nipate joto."

"Joto umelipata." Akamimina chai, akampa fundi.

Wanawake tumechoka kunusa mashati, kumbe wenzetu wanashika boneti. Marehemu mume wangu alikuwa na baiskeli. Kila alfajiri niliipapasa, nayo ilikuwa baridi tu, hata ikiwa usiku huohuo imetoka mbali, mjini Mlowo. Yule mama namwonea wivu.