Kiti cha mbele cha jeep ya padri

Cheka tu, mi mwenyewe nimeshajicheka. Naishi peke yangu Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi. Bibi niliyemwoa, Mama Neema, alibaki Bukavu na sina habari zake. Kazi naifanya garage moja ya Biwi, mjini Lilongwe.

Juzi padri mmoja mzee, mtu wa kwetu Kivu, alileta jeep yake. Alitaka ipande kidogo isigonge mawe, lakini ibaki laini kwa mgongo wake. Springi sikubadilisha, niliongeza tu vipande vya chuma juu yake, unene wa vidole viwili. Nilipomaliza kunawa, padri simwoni. Nikadhani ameenda kunywa chai, nikaitoa jeep kuijaribu kwenye barabara ya mashimo.

Ilienda kama kitanda. Bila kufikiri nikageukia kiti tupu cha pembeni yangu.

"Unaona, Mama Neema? Hairuki. Mgongo inauma?"

Nikatega sikio, eti nangoja jibu. Fundi mzima!

"Hapana, haiumi," sauti ikajibu.

Nikakanyaga breki. Padri alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, anajifuta machozi.

"Endelea, fundi. Mi nakaa muzuri huku nyuma. Ile kiti ya mbele tumwachie Mama."