Ruta Kubwa na Ng'ombe wa Maziwa

Jumatano ile nilikuwa nimebakiza milango miwili ya kabati na akili robo kijiko. Send-off ya binti wa dada yangu ilikuwa Jumamosi. Kwetu, mjomba akiwa seremala, kabati la vyombo la bibi harusi hutoka mikononi mwake. Akipeleka la dukani atasemwa hadi kaburini, na mchungaji ataligusia kwenye mazishi.

Kingo za milango nilitaka zichongwe nakshi kwa ruta, ile mashine ya mkono inayozungusha kisu. Yangu ni ndogo na ni ya zamani kuliko ndoa yangu. Kila ikigusa mbao ngumu ya mninga iliguna, ikapunguza mwendo, ikaacha alama nyeusi kama mlango umepigwa pasi ya moto. Nilibadilisha kisu. Mlango mwingine ukaungua. Mbao zilizobaki zilitosha milango miwili tu. Nikakaa juu ya maranda, mtu mzima, nikiomba mvua ya mawe ivunje hiyo sherehe.

Mke wangu alinikuta hapo. Nikamweleza kwamba dawa ni ruta kubwa, yenye nguvu, niliyoiona mjini, na kwamba ikibidi tutamuuza ng'ombe wa maziwa.

"Baba watoto," akasema, "huyu ng'ombe ndiye chai yetu. Hiyo mashine inakamuliwa wapi?"

Hata hivyo, asubuhi nilimpigia dalali wa Ngaramtoni aje jioni amtazame ng'ombe, nikatia ruta yangu kwenye kiroba, nikaenda mjini nikitumaini mwenye duka la zana ataipokea kama sehemu ya bei.

Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye ukoo wake umeuza misumari pale tangu Mlima Meru ukiwa kichuguu. Huwaruhusu mafundi kujaribu mashine kwa mbao zao. Ruta kubwa ilipita kwenye kipande changu cha mninga kama kisu kwenye ndizi mbivu, nilikaribia kuibusu. Kisha akataka kuona kama yangu inawaka. Nikaichomeka, nikaipitisha kwenye mbao ileile.

Ilikwenda polepole, lakini ukingo ulitoka safi. Nikarudia upande wa pili. Safi. Mzee akauliza kama bado nachukua ile kubwa, nikamjibu kwamba sijui tena chochote duniani.

Nilirudi na kiroba changu. Nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na alama yangu ya fizikia wageni wote wameshasimuliwa. Na elimu yote hiyo, sikuwahi kujiuliza kwa nini taa ya karakana hufifia mchana. Mama jirani mwenye mashine ya kusaga aliacha dizeli baada ya masika, akafunga mota ya umeme. Waya wetu ni mmoja. Mota yake ikishakula, ruta yangu inabaki na makombo, na ile kubwa ingelia njaa zaidi.

Lakini ilikuwa siku ya soko, siku ambayo mama yule husaga mpaka watu walale. Na vanishi isipopakwa jioni ile, kabati lingefika ukumbini likinata.

Nilimkuta na foleni ya wanawake wenye magunia. Nikamwomba azime.

"Nizime watu walale njaa, wewe uchonge maua?"

Wanawake wakacheka. Bibi mmoja wa mbele, kikombe cha chai mkononi, akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kabati ni la nani. Nikamwambia la mpwa wangu.

"Zima, mwanangu," akamwambia mwenye mashine. "Akiharibu tutamsaga yeye."

Mama akakubali: mpaka bibi amalize chai yake, si zaidi.

Nilikimbia. Mashine ya kusaga ikanyamaza, taa yangu ikang'aa kama ya uwanja wa mpira, nikauchonga mlango wa kwanza, kisha wa pili, bila moshi. Kwenye kona ya mwisho nilichungulia kwa jirani kupitia mlango wa karakana. Kikombe cha bibi kilikuwa kimelala upande mapajani mwake, kikavu. Mwenye mashine alipomtazama, bibi alikiinua, akapuliza, akanywa.

Dalali nilimpigia asije.