Volti Arobaini na Tano Bila Mzigo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Themi nilipigwa shoti na amplifaya ambayo plagi yake nilikuwa nimeichomoa kwa mkono wangu mwenyewe. Mwenye karakana, mzee Kalasinga tuliyemwita Fundi Mkuu, hakunipa pole. Alinionyesha kapasita mbili nene kama makopo ya maziwa, akasema hayo ni mapipa: hubaki na umeme hata bomba likifungwa, na fundi asiyeyamwaga kwanza atamwagwa yeye. Nilitoka shirika la umma, ambako asubuhi moja mkuu wa karakana ya huko alitukusanya uwanjani akatusomea majina ya waliopunguzwa kazi, langu likiwemo. Kule nilitengeneza redio miaka minane, kwa hiyo nilikuja Themi nikijiona bingwa.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Bidhaa ziliingia mjini kutoka kila upande, na hoteli mpya za watalii zilishindana kuwa na bendi. Vyombo vyao vikiharibika, vilikuja kwetu. Ninyi vijana mnabadilisha bodi nzima; sisi tuliufuata umeme hatua kwa hatua. Transfoma huupunguza umeme wa ukutani, diodi huulazimisha uende upande mmoja, kapasita huutuliza. Amplifaya ya besi ilitaka njia mbili zinazolingana, volti chanya arobaini na tano na hasi arobaini na tano. Njia moja ikilegea, besi hukoroma.

Mjini nilikuwa peke yangu. Wenzangu tuliotoka Machame walikuwa na maduka na familia. Mimi nilikuwa na chumba kimoja na jiko la mchina la mafuta ya taa. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Anaeli, Mmeru wa Momela, mpiga besi wa bendi ya hoteli. Kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, alikuja kukaa kwenye kreti la soda kando ya meza yangu, akatafuna karanga na kunisimulia habari za kwao. Wiki yangu niliihesabu kutoka Jumatatu hadi Jumatatu.

Siku moja alikuja na amplifaya ya hoteli, wakiwa pamoja na Kiongozi wa Bendi. Anaeli alisema besi inafifia wimbo ukikolea, kisha inavuma. Kiongozi alisema kosa ni la mpigaji. Fundi Mkuu hakuwepo. Niliiwasha mashine juu ya meza, nikaweka mita: arobaini na tano, arobaini na tano. Nikapima tena, kwa madaha, ili Kiongozi aone. Halafu nikasema maneno ninayoyajutia mpaka leo.

"Mashine ni nzima kabisa. Bwana Anaeli, labda vidole ndivyo vimechoka."

Nusu yake ilikuwa utani. Kiongozi wa Bendi hakuuona utani. Wiki ileile Anaeli aliachishwa, na Jumatatu iliyofuata kreti lilikaa tupu.

Mwezi haukuisha, amplifaya ikarudi. Mpigaji mpya alilalamika vilevile. Nilimwambia Fundi Mkuu kwamba nilishaipima. Akaniuliza niliipima ikiwa imebeba mzigo gani. Nilikuwa nimeiwasha mezani tu, bila spika wala muziki. Alichukua koili ya jiko la umeme, aliyoikata mpaka ukinzani wake ufikie omu nane kama wa spika, akaizamisha kwenye ndoo ya maji, akaiunga mahali pa spika na kupandisha sauti. Maji yakaanza kupata moto. Mita upande wa chanya ikashuka mpaka ishirini na nane. Kapasita moja ilikuwa imekauka ndani. Bila kazi ilijaa vizuri, ikipewa kazi iliishiwa.

"Eliakimu," alisema, "hata punda aliyelala huonekana mzima."

Nilibadilisha kapasita zote mbili, nikamfuata Kiongozi wa Bendi na kukiri kosa langu. Akakubali kumrudisha Anaeli. Nikapanda kwenda Momela kumpelekea habari. Nilimkuta akipalilia maharage. Mama yake alinikaribisha loshoro, chakula chao cha mahindi na maziwa mgando, nikaila bila kuisikia ladha, kisha nikamweleza rafiki yangu kila kitu.

"Gitaa nimeshauza, fundi," alisema.

Nikamwambia la kuazima halikosekani. Akaitazama mikono yake.

"Masikio yangu yaliniambia ni mashine. Wewe ukapima, nikaamini mita yako. Sasa nikishika besi, nasikia vidole tu."

Hakunigombeza. Alinisindikiza mpaka barabarani, kama desturi. Lakini siku zote aliniita kaka, na siku ile aliniita fundi.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Kwenye kila kikaratasi cha matengenezo niliandika: imepimwa ikiwa na mzigo. Fundi Mkuu alifariki, hoteli ile ikafungwa, na amplifaya yao wakaniachia. Macho yalipokataa kuona risasi ya kuungia nyaya ikiyeyuka, nikastaafu. Anaeli yu hai. Nasikia ni mzee wa kanisa, na kwaya yao huimba bila besi.

Kila Jumatatu naiwasha ile amplifaya sebuleni. Spika siiungi. Natumbukiza koili kwenye ndoo, napitishia sauti ya redio, napima. Njia zote mbili zinashikilia, na nyumba imenyamaza kimya. Maji yakipata uvuguvugu nazima, nayaogea. Ndoo moja inanitosha.