Nilipokea Sale la Mtu Niliyemponza

Ndugu yangu unayesoma, aliyeliua lile gari la kijiji ni mimi. Si dereva. Ni mimi! Jina langu silitaji, maana gereji yangu bado ipo hapa Majengo, Moshi, na watoto wangu wanakula kwayo.

Lilikuwa gari kuukuu la mizigo, aliloliacha mlowezi mmoja aliyerudi kwao. Halikuwa na klachi, gia zilijibadilisha zenyewe. Kijiji kimoja cha Masama kililinunua, kikamkabidhi Aminiel aliendeshe, mtu mpole asiyeonja hata pombe ya mbege harusini. Mafundi wote wa Moshi walilikwepa. Mimi nikajipiga kifua kwamba otomatiki ndiyo kazi yangu. Uongo mtupu! Sikuwahi kufungua hata moja.

Aminiel aliniletea kwa sababu giaboksi ilikuwa inavuja. Nikashusha sampu, lile bakuli la chini, nikakuta gasketi ya kuzibia imekauka na kukatika, na oili imekuwa nyeusi, inanuka kuungua. Dawa yake ni kubadilisha vyote viwili. Lakini miaka hiyo hata sabuni tulipangia foleni, sembuse oili nyekundu ya giaboksi! Muuza vipuri wetu, Singasinga mmoja mzee, akaniambia, "Ngoja, fundi. Mzigo ukija nakuwekea. Hii gari ukiiharakisha itakufa."

Laiti ningengoja! Lakini kahawa ilikuwa inavunwa, kijiji kinataka gari, nami naona haya kusema nimeshindwa. Nikachukua tyubu ya tairi bovu, nikaikata kwa mkasi kufuata umbo la sampu, nikatoboa matundu ya bolti, nikaifunga iwe gasketi. Kisha nikajaza oili ya injini.

Aminiel akachungulia. "Kaka, mbona si nyekundu kama ile ya zamani?"

"Hii ndiyo ya kisasa, bwana. Wewe endesha tu."

Siku za mwanzo lilikwenda vizuri, nikajisifu. Kumbe oili inaula ule mpira! Ukavimba, ukalegea, ukachomoka. Gari likiwa limejaa mahindi, kwenye mlima mkali wa kwenda Masama, likamwaga oili yote. Gia zikakataa, likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Mungu ashukuriwe, hakufa mtu. Ila giaboksi ilikwisha, na nyingine ingetoka wapi?

Kijiji kikaitisha mkutano, nikaitwa nije niseme kama mtaalamu. Mwenyekiti akauliza, "Fundi, hili limeharibiwa na nini?"

Ah, ulimi huu! "Dereva amegonga jiwe," nikasema. "Sampu ikafunguka."

Aminiel akaruka juu. "Mwongo! Mwongo mkubwa wewe! Sijagonga kitu mimi!"

Wakamnyang'anya ufunguo palepale. Wazee wakamkaripia kwamba amemtukana mgeni hadharani, wakamwamuru aje kuniomba radhi.

Akaja. Alishuka kwa miguu mpaka gereji, ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Mimi si Mchagga, lakini nimezaliwa Moshi, najua uzito wake. Ukiletewa sale hukatai kusamehe, hata kama aliyelileta amekuulia ndugu.

"Nisamehe, kaka," akasema. "Hasira zilinizidi. Labda kweli niligonga jiwe, sikulisikia."

Alikuwa ameanza kuniamini mimi kuliko masikio yake mwenyewe! Ningesema hapo hapo. Sikusema. Nikanyoosha mkono, nikalipokea, nikamwambia yamekwisha. Naye akanishukuru!

Kazi ya udereva hakuipata tena. Akateremka tambarare za Kahe kulima kwa kibarua kwenye joto lile. Kila akipita mjini alinisalimia kwa furaha na kuniachia ndizi. Nilizila, ndugu yangu. Nilizimenya, nikazimaliza zote.

Mwaka huu nilishindwa kuvumilia. Nikatafuta sale, nikapanda Masama nikamwambie ukweli wote. Mkewe akanipokea, akaniongoza kihambani, shamba lao la nyumbani, akanionyesha kaburi katikati ya migomba. Homa ya Kahe ilimchukua. Kandokando ya kaburi walikuwa wamepanda masale, kama ilivyo desturi yao, na yalikuwa yameshashika.

"Karibu, shemeji," mama yule akasema. "Marehemu alikutaja mpaka mwisho. Alisema ulimsamehe bila hata kumsimanga."

Nikasimama na jani langu mkononi. Nimpe nani? Nilitaka kumpa yule mama, nikalificha nyuma ya mgongo. Badala ya ukweli, nikampa pole ya msiba. Akanipa supu ya mtori, nikanywa, nikashuka na sale langu mjini.

Mafundi wenzangu, usilolijua sema hulijui, gari lingoje! Na mtu akikuletea sale usilolistahili, sema kweli kabla hujalishika, maana ukishalishika nani atakuuliza tena? Langu lipo hapa juu ya benchi ya gereji, limekauka, na mwenyewe wa kulipokea hayupo.