Nyota ya Nkongolo

Ukitaka kumwona mtu mwoga Kolwezi, usihangaike: ulizia mhunzi Mathieu Nkongolo. Mwenyewe hakatai. Alipokuwa mtoto, jamaa zenye asili ya mkoa wa Kasai zilipofukuzwa mjini na maofisa wenye orodha mkononi, alilala na wazazi wake kituoni wakingojea treni, na hofu iliyomwingia pale haikumtoka hata familia iliporudi na baba yake akawasha tena moto. Mpaka leo akimwona mtu wa viatu vinavyong'aa ameshika karatasi, anatafuta mlango wa nyuma.

Lakini kwa mitaimbo, hapo mvulie kofia. Mtaimbo ndio chuma anachong'olea mchimbaji jiwe lililolegea juu ya kichwa chake, huko shimoni. Ukikatika, jiwe linashuka na mwenyewe yuko chini yake. Kwa hiyo hakuna anayenunua mtaimbo bila kuupiga kwanza kwenye jiwe, kwa nguvu zote, mbele ya muuzaji. Wa Nkongolo na baba yake tu ndio mnunuzi hakuupiga. Waliupiga wenyewe, ukistahimili wakaugonga muhuri wa nyota karibu na ncha. Ukishindwa, unarudi motoni. Mtu akiupiga tena baada ya nyota, amewatukana.

Kampuni kubwa ya vyombo vya mgodi ilipoingia, ilianza na vyuma chakavu. Kila springi ya lori, ndiyo chuma cha wahunzi, kutoka Fungurume mpaka Dilolo ikawa yao. Kalonji, jirani na mhunzi mwenzake Nkongolo, akauza karakana, wengine wakafuata. Kisha mjumbe wa kampuni, Dimitri, akamletea Nkongolo mkataba: wananunua karakana na nyota yake, naye hatafua chuma tena.

"Na kama mi nakatala?" Nkongolo aliuliza.

"Tata, hakuna mutu anakulazimisha," Dimitri alisema, akimwita baba kwa heshima, akatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomtisha. Angefokewa, pengine angebisha. Alisaini, akamkabidhi na muhuri wa baba yake. Mkewe Yolande akamwambia angalau sasa atapata usingizi. Usingizi gani?

Mitaimbo mipya ikajaa madukani, inameta, nyota mahali pake. Nkongolo alinunua mmoja kwa siri kama mtu anayenunua bangi, akaupiga uani. Ukakatika vipande viwili. Akaviokota, akatazama palipovunjika, akaelewa: walikuwa wanakichovya chuma majini kikiwa chekundu, basi, bila kukirudisha motoni kilegee kidogo. Kikawa kigumu, na kwa ugumu huo kinavunjika kama sahani.

Binti yake Jémima alikuwa mlangoni, akaviona vile vipande. Akakimbilia kwa baba yake.

"Tata, Merdi alinunua ya vile jana. Ameshaenda nayo ku shimo."

Merdi alikuwa mumewe, mchimbaji.

"Aliipiga?"

"Apige kitu ya mukwe wake? Hana haya?"

Nkongolo alikimbia. Alikimbia barabara ya Nzilo na kandambili moja, nyingine sijui iliishia wapi, na njia nzima alimwona mkwewe chini ya jiwe. Alipofika machimboni aliinama kwenye mdomo wa shimo akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wachimbaji walipanda mmoja mmoja, wamekasirika, vumbi hadi kwenye kope. Merdi alitoka wa mwisho. Nkongolo alikaa chini.

"Ile chuma haiko yangu," aliwaambia. "Nyota nilibauzishia kampuni. Mupige yote."

Wakapiga. Mingi ikavunjika. Mchimbaji mmoja, Lukusa, akatupa kipande chake.

"Sasa tutachimba na nini, tata?"

Nkongolo aliokota kipande kile. Karatasi aliyosaini ilikuwa wazi: akigusa moto, watamburuta mahakamani, watachukua na nyumba. Aliogopa, aliogopa kweli. Lakini aliwajua: wasipopata mingine, watashuka na hiyohiyo.

"Mulete kwangu yenye imebakia," alisema. "Nitairudisha ku moto."

Makaa yaliwashwa uani pa Yolande, penye sufuria na kuku, mchana kweupe. Kila aliyepewa wake aliupiga kwenye jiwe kwa nguvu, na ukastahimili. Zamu ya Merdi ilipofika, aliinamisha kichwa, akaanza kuondoka nao hivyohivyo.

"Piga," alisema Nkongolo.

"Mbele yako, tata? Siwezi kukutukana."

Nkongolo aligeuka, akampa mgongo, akatazama barabarani. Gari la kampuni lilikuwa linapunguza mwendo mbele ya lango. Nyuma yake mtaimbo ukalia kwenye jiwe, polepole, kwa adabu. Mlango wa gari ukafunguka, na viatu vinavyong'aa vikashuka.

"Piga na nguvu, mutoto yangu," alisema, bila kuviondolea macho viatu vile. "Nitukane."