Kuosha Landrova ya Mama

Hata leo nikipita mahali wanapoosha magari, nikasikia ile mashine ikipuliza maji chini ya gari, vidole vyangu vinaanza kufa ganzi. Siyo huzuni, tusidanganyane. Ni ganzi tu, kama ya mguu ulioukalia vibaya kanisani. Nasimama pembeni, navikunjakunja vidole mpaka virudi, halafu naendelea na safari yangu.

Tulikuwa tunakaa Maisaka, Babati mjini, na Mama alikuwa bibi shamba. Alizunguka Singe, Mutuka na huko juu milimani akiwafundisha watu kupanda mbaazi kwa mistari, na alizunguka kwa Landrova iliyokuwa na umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Aliinunua kwa mapadre ikiwa imekufa. Baba, fundi mitambo, aliitwa kuja kufufua giaboksi. Akaifufua, akabaki kuoa. Mama alipenda kusema kwamba yeye alinunua gari, fundi akapewa kama nyongeza, kama vile unavyoongezwa nyanya sokoni. Mtaa mzima uliijua Landrova ile kwa mlio. Ikikata kona tu, majirani wanasema, "Mama Paskalina huyo, bandikeni chai." Paskalina ndiye mimi.

Gari lile lilinuka Mama. Sisemi manukato, alikuwa hana habari nayo. Lilinuka udongo mwekundu uliolowa, magunia ya mbegu, mafuta ya nazi aliyopaka kichwani, na pipi za mnanaa alizomung'unya njia nzima ili asisinzie. Kitambaa alichokishonea kiti chake kilikuwa kimeingiwa na yote hayo.

Nilipokuwa darasa la nne aliugua kifua, akafa. Siku ya kumaliza matanga, shangazi na mama wadogo walitandika mkeka uani wakagawana nguo zake, kama ilivyo desturi: huyu kitenge, huyu sweta, huyu viatu vya kanisani. Kufa kufaana. Hawakuwa watu wabaya jamani, walilia kweli huku wanajaribu viatu. Mimi nilipewa kanga moja, nayo ilikuwa imeshafuliwa. Jioni nilipoingia chumbani kwake sikukuta kitu, hata chanuo. Nikaenda kukaa kwenye Landrova. Humo alikuwemo. Nilivuta pumzi, nikalala. Tangu siku ile hata kazi za shule nilifanyia humo humo, na Baba akinikuta anapanda upande wa pili, tunakaa.

Mwaka uliofuata Baba akapata kazi ya mgodini Australia, kazi ya mkataba mrefu, na mimi ningekwenda naye. Ndugu walishangilia. Baba alikuwa na sharti moja tu: Landrova nayo inakwenda.

"Baba Paskalina, umerogwa?" aliuliza Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa anakaa nasi tangu msiba. "Huko ng'ambo hakuna magari?"

"Yapo, Mama."

"Sasa?"

Baba akainuka akaenda kukaa garini. Alikuwa mtu wa kunyamaza tangu zamani, lakini siku zile alinyamaza mpaka ukamsahau kama yupo.

Kisha wakala wa kusafirisha magari akapiga simu kutoka Dar es Salaam, Baba akaiweka kwenye spika sote tukasikia. Kule gari la zamani wanalipokea vizuri, alisema, tena wanalipenda, ila lisiwe na udongo. Wala mbegu, wala jani, wala mdudu. Wanamulika tochi mpaka ndani ya mifupa ya gari, na wakikuta punje moja tu, linarudishwa lilikotoka.

"Nchi gani hiyo inaogopa udongo?" Bibi akashangaa. "Wenyewe wanalima wapi, kwenye sahani?"

Tulicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza mle ndani kwa muda mrefu, na tukakikatisha wenyewe, kwa sababu sote tulielewa kwa pamoja. Ili tuondoke na Mama, ilibidi kwanza tumtoe garini.

"Basi liacheni hapa," Bibi akasema taratibu. "Likae na udongo wake. Siku mkirudi mtalikuta."

"Nitapasuka huko peke yangu, Mama," Baba akajibu.

Sijawahi kumsikia tena akisema jambo la moyoni wazi namna ile. Bibi hakubisha. Aliinuka akaenda kutafuta ndoo.

Jumamosi tukaanza. Baba alifungua viti, akang'oa mazulia, akafungua mpaka mabati ya sakafuni. Udongo ulitoka usioisha, wa Mutuka, wa Singe, wa vijiji nisivyovijua, nami nikawa naufagia tu. Nilijua napaswa kulia. Nilikuwa nangoja kilio kama mtu anayengoja basi ambalo halina siku maalumu, na hakikuja. Chini ya kiti cha nyuma, pale paa lilipokuwa linavuja, nikakuta mche wa mbaazi umeota, umerefuka shubiri moja, mweupe kwa kukosa jua. Mama aliwahi kumwaga mbegu pale tukiwa njiani kurudi kutoka Mutuka, tukaokota pamoja mpaka tukachoka, akasema, "Zilizobaki za panya." Nikamwita Baba. Akaja, akauinamia ule mche.

"Ng'oa," akasema.

Nikang'oa, nikawatupia kuku. Wakagombania. Nilisimama nikiwatazama kama natazama kuku wa jirani.

Kilibaki kiti cha dereva. Baba alikuwa amekipitapita tangu asubuhi, mara aoshe taa, mara aoshe taa ile ile tena.

"Kiti cha mama yako osha wewe," aliniambia hatimaye. "Mimi nina kazi huku chini."

Akajilaza chali chini ya gari. Nilimchukia, niseme kweli. Fundi mzima, mikono ile, anamwachia mtoto kazi ngumu! Nikachovya brashi kwenye sabuni nikasugua. Povu lilitoka jekundu, likawa la kahawia, mwishowe likawa jeupe kabisa. Chini ya gari mlio wa spana ulikuwa umekoma zamani. Miguu yake ilionekana imetulia tuli, nikadhani kalala usingizi. Bibi akaniletea maji mengine, akanigeuza kichwa kwa kiganja chake.

"Sugua, mjukuu wangu. Usiangalie huko."

Nikasugua.

Landrova ikapanda lori kwenda bandarini, sisi tukapanda ndege. Miezi mingi baadaye tulikwenda kuipokea. Mkaguzi aliingiza tochi yake kila tundu, akajilaza, akainuka, akampa Baba mkono. Alisema hajawahi kuona gari kuukuu limetakata namna ile. Baba akashukuru. Tukapanda, akashika usukani, lakini hakuwasha. Alivuta pumzi kwa pua, pumzi ndefu, akaiachia, akavuta nyingine. Kisha akanigeukia.

"Paska, wewe una pua kali. Unasikia harufu gani?"

Nikanusa kwa bidii zote.

"Sabuni, Baba."

"Sabuni tu?"

"Sabuni tu."

"Haya," akasema, akawasha gari.

Nilijisifu moyoni njia nzima. Nilidhani ananipima kama kile kiti nilikiosha sawasawa, na nilikuwa nimekiosha sawasawa. Ilibidi nikue, nizike mtu wangu mwenyewe, nisimame mbele ya kabati lake nikinusa mashati yaliyofuliwa, ndipo nielewe kwamba siku ile hakuwa na habari na usafi. Pua yake ilikuwa imetafuta ikakosa, akaazima ya mtoto. Baba alikuwa ananiuliza kama Mama tumefika naye.