Rufaa Iliyongoja Idi

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, wakianikwa juani ndiyo iliyojaa ua wetu wa Buyenzi mwaka ule, miaka michache baada ya bendera mpya kupandishwa Bujumbura. Mama yangu, Mwamini, aliwatandaza juu ya mkeka kuukuu, nami nikafukuza kuku kwa ufito. Baba alikuwa amefariki kabla ya masika. Arobaini ilipokwisha tu, mdogo wake, Baba Mdogo Saidi, aliyetubeba mabegani siku za sikukuu, akaenda mahakamani kudai kwamba kiwanja kilikuwa cha marehemu babu, hivyo nyumba ni yake. Mama alikuwa amekanyaga udongo wa matofali yale kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na mimba yangu. Hata hivyo hukumu ilitoka, nasi tukashindwa.

Karani wa mahakama alimweleza Mama taratibu, kwa Kiswahili chetu cha mjini: "Mama, kama hukubali, rudi hapa, useme unakata rufaa, tuandike. Usikawie, muda wake ni mufupi." Jioni ile Mama alifua kanga yake nzuri, akaianika, tayari kwenda asubuhi.

Kabla kanga haijakauka, Baba Mdogo alifika na kilo ya sukari na macho mekundu. Alikaa chini, si kwenye kiti. "Shemeji," akasema, "Ramadhani iko mulangoni. Tusivuane nguo mbele ya watu. Tungoje Idi, tutakaa na wazee, tutapatana. Mi siwezi kutupa watoto wa kaka yangu." Mama alilia, naye akalia. Damu nzito kuliko maji, husema watu, na Mama aliliamini neno hilo kama alivyoiamini adhana. Kanga ikakunjwa, ikarudi sandukuni.

Mwezi mzima Baba Mdogo alifuturu kwetu. Nakumbuka uji wa pilipili manga, na jinsi alivyomsifu Mama kwa kila bakuli. Nilifurahi, nilidhani ugomvi umekufa. Siku ya Idi hakuja. Mama alimtumia sahani ya pilau, ikarudi na ujumbe: tuhame.

Tulikwenda mahakamani, nimeshika pindo la kanga yake. Karani alimtambua, akainamisha kichwa. "Muda umepita, Mama."

"Lakini tulikuwa tunapatana!"

"Mulipatana hapa, mbele yetu?"

"Apana. Nyumbani, kwenye futari."

"Basi kwetu sisi ulinyamaza. Na aliyenyamaza amekubali."

"Hata kama alinidanganya?"

"Jaji wa juu hatafika kwenye swali hilo, Mama. Ataangalia siku kwanza."

Mama alikaa kwenye ngazi za mahakama, asilie, mpaka jua likatuhamisha. Tulihamia Buterere, ambako kila mvua kubwa ililala nasi ndani, na mdogo wangu akapata kikohozi ambacho hakikumwacha tena.

Siku hizi binti yangu anasoma sheria, naye huniambia kuwa karani yule hakukosea. Najua. Kinachonisumbua si sheria. Ni ule uji. Mtu anawezaje kunywa uji wa mjane mwezi mzima huku akihesabu siku za rufaa? Nikienda sokoni hupita mbele ya nyumba ile, sasa ina duka la vipuri. Mjukuu wa Baba Mdogo, kijana mwenye adabu asiyejua lolote, huinuka kila anionapo. "Karibu nyumbani, bibi," husema. Nami hujibu asante, nikaendelea na safari yangu.